Kabla ya Leza: Kwa Dada wa Subukia Anayetafuta Mtoto Huku Tumbo Likimuuma

Kabla hujauliza upasuaji wa leza unafanywa wapi na ni pesa ngapi, nunua daftari. Lile jembamba la watoto wa shule linatosha. Andika tarehe hedhi ilipoanza na ilipokoma. Andika maumivu yalikukamata wapi: chini ya kitovu, kiunoni, mgongoni, au yalishuka hadi mapajani. Andika kama unaumia ukienda haja kubwa siku za mwezi, na kama tendo la ndoa linauma kule ndani kabisa. Andika dawa uliyomeza, na siku ulizoshindwa kuamka kukamua ng'ombe au kufungua duka. Kama umeshavumilia kwa miaka, usingoje daftari lijae. Nenda kliniki wiki hii, nalo litajaa ukiwa njiani.

Ninaanza na daftari kwa sababu wanawake wengi hupotezwa njia kwenye meza ya kwanza kabisa. Mtu anaingia, anasema tumbo la chini linamuuma, anapewa dawa za maambukizi ya via vya uzazi. Anarudi mwezi unaofuata na maumivu yaleyale, anapewa dawa zilezile. Safari ya tatu anaambiwa ni taifodi, ya nne ni vidonda vya tumbo, ya tano anaambiwa azae yataisha. Maambukizi yapo, na huziba mirija kweli, kwa hiyo usimkasirikie mhudumu aliyeyafikiria kwanza. Lakini maambukizi hayana kalenda. Maumivu yanayokuja na hedhi mwezi baada ya mwezi, na kuzidi mwaka hadi mwaka, yana jina lingine, endometriosisi, na daftari lako ndilo litakalomwonyesha daktari ile kalenda.

Kosa hili la kutotambua ugonjwa ni la zamani. Kwa miongo mingi madaktari wa Marekani walifundishwa kwamba endometriosisi ni ugonjwa wa wanawake weupe wenye nafasi zao, wanaochelewa kuzaa. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, alichapisha alichokiona alipowachungulia wagonjwa wake weusi kwa kamera: zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa nao, na karibu wanne katika kila kumi wa hao walikuwa wametibiwa kama watu wenye maambukizi ya nyonga. Nusu karne imepita, na bado kuna mwanamke wa Waseges au Kabazi anayebeba mfuko wa antibayotiki kwa ugonjwa ambao antibayotiki haiugusi.

Andika pia maumivu ya kifua au bega yanayokuja na hedhi, hata ukiona hayahusiani. Wakenya wengi walilisikia neno endometriosisi kwa mara ya kwanza kutoka kwa Njambi Koikai, mtangazaji wa redio na MC wa rege. Ugonjwa ulikuwa umempanda hadi kifuani, na mapafu yake yalinywea mara kwa mara. Mwaka 2018 watu walimchangia akaenda kupasuliwa Atlanta, Marekani. Aliaga dunia tarehe 3 Juni 2024, akiwa na miaka 38. Hali kama yake ni nadra. Lakini alisimama hadharani akasema maumivu haya si kawaida, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa tumefundishwa kuyaficha hata kwa mama zetu, na kwa hilo tuna deni kwake.

UGONJWA NA MIMBA

Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando unaojengeka kila mwezi na kutoka kama hedhi. Kwenye endometriosisi, ambayo wenyewe huiita endo, tishu inayofanana na utando huo huota nje ya mfuko: juu ya ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye kibofu, kwenye utumbo. Nayo hufuata homoni zilezile za mwezi. Inavimba, inavuja damu, na damu hiyo haina mlango wa kutokea. Mwili unajibu kwa uvimbe na makovu, na makovu yanagandisha viungo ambavyo vingepaswa kuteleza kimoja juu ya kingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unampata takriban mwanamke 1 kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa, yaani kama wanawake milioni 190 duniani. Ukikaa kwenye mkutano wa chama wa watu thelathini, hesabu mwenyewe.

Mimba huzuiwa kwa njia zaidi ya moja. Kovu likiuvuta mrija mbali na ovari, yai likitoka halipokewi. Ovari ikijaa uvimbe wenye damu ya zamani, nzito na ya rangi ya chokoleti, sehemu ya akiba ya mayai huharibika. Na hata pale ambapo kila kitu kinaonekana mahali pake, majimaji yenye uvimbe yanayoizunguka mirija huwa mazingira mabaya kwa yai na kwa mbegu ya mwanamume. Lakini shika hili: wanawake wengi wenye endo huzaa, na baadhi yao bila matibabu yoyote. Kuambiwa una endo si kuambiwa huzai.

ANZA NA WAWILI

Kama mmekutana bila kinga kwa miezi 12 bila mimba, nendeni mkapimwe. Kama umefika miaka 35, nendeni baada ya miezi 6. Na kama una maumivu niliyoyataja, usihesabu miezi.

Nimesema nendeni, wawili. Kipimo cha mbegu za mume ni rahisi kuliko vyote, hakina kisu wala dawa ya usingizi, na ndicho kinachoahirishwa zaidi. Nimeona wanawake wakiuza mbuzi kwa ajili ya vipimo vyao huku kipimo cha mwanamume hakijatajwa hata mara moja. Usikubali kulazwa mezani kabla matokeo ya mumeo hayajawa ndani ya faili. Mbegu zikiwa chache sana, upasuaji wako peke yake hautaleta mtoto, na mpango mzima unabadilika. Neno thata, yaani tasa, hutupiwa mwanamke pekee, na mara nyingi linatupwa na watu ambao hawajaona karatasi hata moja ya maabara. Ikiwa mama mkwe ndiye anayesukuma, mwombe mume mwenyewe azungumze na mamake. Hiyo ni kazi yake.

Kwako wewe kuna vipimo vya kawaida: damu, altrasaundi ya kupitia ukeni, na picha ya mirija inayopigwa baada ya dawa kumiminwa ndani ya mfuko wa uzazi. Altrasaundi ya ukeni ikifanywa na mtu mwenye uzoefu huuona uvimbe wa chokoleti vizuri. Vidoa vidogo vilivyotapakaa haivioni. Kwa hiyo karatasi ikiandikwa kawaida na bado unajikunja kila mwezi, karatasi hiyo haijamaliza mazungumzo. Kipo pia kipimo cha damu kiitwacho AMH, kinachokadiria akiba ya mayai. Kifanye kabla ya upasuaji wowote wa ovari, na utaona hapo mbele kwa nini.

Zamani ilisemwa kwamba endo haiwezi kujulikana hadi mtu apasuliwe. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya uliotolewa 2022 umeuacha msimamo huo: daktari anaweza kuegemea historia yako, uchunguzi wa mkono na picha, akaanza matibabu. Ukiambiwa lazima upasuliwe ili tujue tu, uliza kama picha nzuri zaidi, au MRI, haiwezi kutoa jibu hilo.

NJIA YA KUTOKA BONDENI

Anza hapahapa Subukia, kwenye hospitali ya kaunti ndogo. Haina leza wala haitakiwi kuwa nayo. Unachohitaji pale ni faili, vipimo vya mwanzo na barua ya rufaa. Barua hiyo ina uzito, maana bila hiyo utaanza upya kila dirisha unalofika. Kutoka Subukia hadi Nakuru ni kama kilomita 40, na hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wengi bado huiita PGH, ina madaktari bingwa wa akina mama. Mwombe bingwa akuambie waziwazi: tatizo langu linaweza kushughulikiwa hapa, au niende Nairobi au Eldoret? Endo iliyofika kwenye utumbo au kwenye mirija ya mkojo inahitaji timu, pamoja na daktari wa upasuaji wa utumbo au wa mkojo. Nairobi ziko Kenyatta, Aga Khan na nyinginezo za binafsi, na Eldoret iko hospitali ya Moi. Kutoka Nakuru kwenda upande wowote kati ya hizo mbili ni kama kilomita 160, kwa hiyo usidhani Nairobi ndiyo njia pekee.

Ukisikia jina la daktari kwa rafiki, lithibitishe. Baraza la Madaktari la Kenya, KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa na fani zao, na mtu yeyote anaweza kuitazama mtandaoni. Usione haya kufanya hivyo.

Kuhusu bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: jisajili mapema kwa *147#, na uhakikishe mchango umelipwa kabla ya kupanga tarehe. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mkulima au mfanyabiashara hupimwa uwezo wake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Upasuaji huwa na kiwango kilichowekwa na huombewa idhini kabla. Idhini hiyo ombeni mapema, ipatikane kwa maandishi, mjue pengo litakalobaki mfukoni mwenu. Kupandikiza mimba maabara (IVF), panga kana kwamba utagharamia mwenyewe.

Wengi wetu pia hupanda hadi Kijiji cha Maria, kule kwenye madhabahu ya kitaifa, kusali na kuteka maji ya chemchemi. Mwanamke anayetaka mtoto ana haki ya kulia mbele za Mungu wake, na sina neno la kupunguza hapo. Ninayemwogopa ni mtu wa mitishamba anayekuambia uache kliniki kwa mwaka mmoja dawa yake ifanye kazi. Ukiwa na miaka 34, mwaka mmoja ni mwingi.

LEZA NI NINI HASA

Upasuaji wa matundu madogo, au laparoskopi, unafanywa ukiwa umelala kabisa kwa nusu kaputi. Daktari anatoboa tundu karibu na kitovu na kuingiza gesi ya kaboni dioksaidi ili tumbo liinuke kama hema. Kisha anaingiza kamera nyembamba. Matundu mawili au matatu mengine, madogo kuliko ukucha, ni ya vifaa. Kila kitu kinaonekana kwenye skrini. Leza ni mojawapo ya vifaa hivyo. Vingine ni mkasi, umeme na mawimbi ya sauti.

Leza inayozungumzwa sana katika endo ni ya kaboni dioksaidi. Aliyeibuni ni Kumar Patel, mwaka 1964, katika maabara za Bell huko Marekani, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Maurice Bruhat na wenzake wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, wakaanza kuipitisha ndani ya laparoskopi. Miali yake hunyonywa na maji, na kwa kuwa seli zetu zimejaa maji, seli inayopigwa huwa mvuke papo hapo huku iliyo chini yake ikiguswa kidogo sana, kwa kina cha sehemu ya kumi ya milimita. Sifa yake ni hiyo. Penye kidoa kilichokaa juu ya mrija wa mkojo au kando ya utumbo, kina kidogo kama hicho ni cha thamani.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Leza haina uwezo ambao mkono unaoishika hauna. Tafiti hazijaonyesha kwamba mwanamke aliyepasuliwa kwa leza hushika mimba zaidi ya yule ambaye endo yake iliondolewa vizuri kwa mkasi au umeme. Ushahidi mkubwa wa leza yenyewe ni wa maumivu: mwaka 1994 Chris Sutton na wenzake wa Guildford, Uingereza, walichapisha utafiti wa wanawake 63 ambao hawakujua nani alipigwa leza na nani alichunguliwa tu. Baada ya miezi sita, takriban 62 katika kila 100 wa leza walikuwa wamepata nafuu, dhidi ya 23 katika kila 100 wa wale wengine. Mashine ni ghali, na vyumba vingi vya upasuaji duniani hufanya kazi nzuri bila hiyo. Daktari bora wa endo utakayempata pengine hatakuwa na leza. Usimkimbie kwa sababu hiyo, na usimfuate mwingine kwa sababu tu neno leza limeandikwa ukutani mwake.

Upasuaji wenyewe unasaidiaje kupata mimba? Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Kanada, wa 1997. Wanawake 341 waliokosa mimba na wenye endo ndogo au ya wastani kidogo waligawanywa mafungu mawili: fungu moja likaondolewa vidoa, jingine likachunguliwa tu. Ndani ya wiki 36, karibu 31 katika kila 100 wa fungu la kwanza walishika mimba iliyovuka wiki 20, na la pili karibu 18 katika kila 100. Utafiti mdogo wa Italia uliofuata haukuiona tofauti hiyo. Hesabu ya Kanada ina maana kwamba wapasuliwe wanawake wanane ndipo mmoja zaidi apate mimba ambayo asingeipata. Si haba, na mtu aliyesubiri miaka mitano atajua uzito wa mmoja kati ya wanane. Lakini anayekuambia leza itakupa mtoto amekuambia kitu kingine kabisa.

OVARI YAKO NI AKIBA

Katika mwongozo huu wote, sehemu hii ndiyo ningekuomba uisome mara mbili. Mayai hayatengenezwi upya. Uvimbe wa chokoleti ukichunwa kutoka kwenye ovari, hutoka na kipande cha ovari yenye afya kilichoshikamana nao, na AMH hushuka. Ukichunwa pande zote mbili, hushuka zaidi. Ukirudiwa mara ya pili na ya tatu, unaweza kubaki na nyonga safi isiyo na yai.

Hapa leza ina hoja yake. Badala ya kuchuna ganda la uvimbe, daktari huufungua, huuosha, kisha huugeuza utando wa ndani kuwa mvuke. Watafiti wa Milan, Italia, waliwagawa wanawake 60 kati ya njia hizo mbili, wakachapisha matokeo 2018: AMH ilishuka kwa waliochunwa na haikushuka kwa waliopigwa leza. Kwa upande wa pili, uvimbe uliochunwa vizuri una uwezekano mdogo zaidi wa kurudi kuliko uliochomwa kwa njia nyingi za zamani. Kwa hiyo daktari mzuri atapima umri wako, AMH yako, ukubwa wa uvimbe na maumivu, na atakueleza kwa nini amechagua hiki badala ya kile. Ukiwa na AMH ya chini tayari, swali la kwanza liwe kama ovari iguswe kabisa.

Wapo ambao upasuaji si mlango wao wa kwanza. Ukiwa umekaribia miaka 38, au mirija yako miwili imeziba, au mbegu za mumeo ni dhaifu mno, au umeshapasuliwa na endo imerudi, kupandikiza mimba kunaweza kuwa njia fupi zaidi, na upasuaji wa kabla yake haufanywi kama desturi. Kenya si ngeni kwa jambo hili: watoto wa kwanza wa njia hiyo nchini walizaliwa Nairobi mwaka 2006, chini ya Dkt. Joshua Noreh. Ni ghali, na familia nyingi za hapa haziifikii. Hata hivyo ni heri ukaijua mapema, kabla akiba haijatumika kwa upasuaji ambao haukuwa wako.

MASWALI YA KUMPA DAKTARI

Yaandike kwenye daftari, uyasome mbele yake. Daktari anayeudhika kwa maswali haya amekuokolea pesa.

Ulifanya upasuaji wa endo wa namna hii mara ngapi mwaka uliopita? Utaondoa kwa kuchomoa mzizi, kwa kuchoma juu, au kwa leza, na kwa nini kwangu mimi? Utaifanyaje ovari yangu? Ukikuta imefika kwenye utumbo, utaendelea, utasimama, au kuna mwenzako ataitwa? Sampuli itapelekwa maabara? Nitapewa picha au video ya ulichokiona? Mwisho, swali ambalo wengi hawalijui: utanipa alama zangu za EFI? Hiki ni kipimo kilichotolewa na Adamson na Pasta mwaka 2010, kinachotoka 0 hadi 10. Kinajumlisha umri, miaka ya kusubiri, kama umewahi kushika mimba, na hali ya mirija na ovari kama ilivyoonekana kwenye upasuaji. Alama za juu zinakupa sababu ya kujaribu nyumbani. Alama za chini zinakuambia usipoteze mwaka.

Omba makadirio ya gharama kwa maandishi, kila kitu peke yake: daktari, mtu wa usingizi, chumba, vifaa, kitanda, maabara. Vifaa vinavyotumika mara moja ndivyo huvimbisha bili. Usiuze kipande cha shamba kwa bei uliyotajiwa kwa simu.

Soma fomu ya idhini ukiwa bado umevaa nguo zako, si dakika ya mwisho ukiwa na gauni la hospitali. Angalia kama inaruhusu kutolewa ovari, mrija au mfuko wa uzazi. Kama hukubali jambo hilo isipokuwa kwa kuokoa maisha, liandikwe na daktari atie sahihi. Angalia pia panapotajwa kupasua tumbo wazi. Hilo hutokea mara chache, na ujue mapema ni kwa sababu gani.

SIKU ZENYEWE

Nenda na mtu. Awe mume, dada au mama wa chama, awe mtu anayeweza kusikiliza daktari akieleza huku wewe bado una usingizi. Usile usiku wa kuamkia upasuaji, kama ulivyoelekezwa, na toa rangi ya kucha, maana kile kifaa cha kidoleni hupima oksijeni na rangi hukichanganya.

Utaamka na vidonda vidogo vitatu au vinne, tumbo lililojaa, na pengine maumivu makali ya bega. Bega huwashtua wengi. Ni gesi iliyobaki inayosumbua kiwambo cha chini ya mapafu, na neva zake hupeleka habari begani. Hutulia kwa siku mbili tatu. Tembea polepole, kunywa chai ya vuguvugu, lala umejiinua kidogo.

Wengi huruhusiwa siku hiyohiyo au kesho yake. Ukipasuliwa Nairobi au Eldoret, usisafiri moja kwa moja hadi nyumbani. Tafuta jamaa wa Nakuru akulaze usiku mmoja au miwili. Barabara ya kushuka bondeni ina kona na mteremko, na kila breki ya matatu utaisikia kwenye kitovu. Kaa kiti cha mbele, na weka shuka lililokunjwa kati ya tumbo na mkanda. Mwambie dereva. Madereva wengi wa njia hii wana mama na dada, na watapunguza mwendo.

Nyumbani, wiki mbili za kwanza usibebe mtungi wa lita ishirini, usipasue kuni, usiiname shambani. Kazi nzito irudi baada ya wiki nne hadi sita kulingana na kilichofanywa ndani. Vidonda vya nje vidogo huwadanganya watu wa nyumbani. Wakiona plasta tatu watadhani umepona, kumbe ndani kuna eneo kubwa lililochunwa. Waonyeshe picha za daktari kama ni lazima.

Rudi hospitali bila kungoja asubuhi ukipata homa, tumbo likiendelea kuvimba na kuuma badala ya kupoa, ukitapika mfululizo, ukishindwa kutoa hewa au mkojo, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au damu ikitoka nyingi. Tundu la utumbo huweza kujitokeza siku kadhaa baada ya upasuaji, wakati kila mtu ameshapongezana. Nenda na ile karatasi ya kuruhusiwa, ili mhudumu wa Subukia ajue nini kilifanywa na ampigie nani.

BAADA YA HAPO

Ukipewa sindano au vidonge vya kuzuia hedhi baada ya upasuaji, uliza ni vya nini. Ni tiba nzuri ya maumivu kwa asiyetafuta mtoto sasa. Kwa anayemtafuta, havimwongezei nafasi na vinafunga mlango kwa muda wote anavyovitumia. Daktari akikuruhusu, anzeni kujaribu mwezi unaofuata.

Weka tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya ukutani, siku ileile unapotoka hospitali. Ukiwa chini ya miaka 35 na alama zako ni nzuri, jipe miezi 6 hadi 12 ya kujaribu. Ukiwa zaidi ya hapo, jipe miezi 3 hadi 6. Tarehe ikifika bila mimba, usikubali kuambiwa tuchungulie tena kwa leza. Rudi na mumeo, na swali liwe hatua inayofuata. Ripoti ya upasuaji, picha, jibu la maabara na alama za EFI toa nakala mbili. Moja iwekwe ndani ya sanduku la vyeti pamoja na hati ya shamba, na nyingine ipigwe picha ibaki kwenye simu yako.